Kiti cha nkambo na nyundo ya Paris: soko la mnada linavyofanya kazi, na linatuhusu nini sisi Wakongo



Mwaka 2010, katika mnada mmoja wa Paris, kiti cha mbao kiliuzwa kwa zaidi ya milioni 5 za euro. Hakikuwa kiti cha mfalme wa Ufaransa. Kilikuwa kiti cha Kiluba: mwanamke aliyechongwa, amebeba kikalio kwa kichwa na kwa ncha za vidole. Wataalamu wanasema ni kazi ya fundi wanayemwita Bwana wa Buli. Buli ni kijiji cha kwetu, kaskazini mwa Katanga ya zamani, fasi Waluba na Wahemba wanapopakana.

Mimi ni agronome. Kazi yangu ni mihogo, mahindi na mbegu, si sanamu. Lakini mtu aliyesoma uchumi wa kilimo anajifunza kuuliza swali moja kila siku: bei inatoka wapi? Juu ya nini meka ya mahindi inashuka mwezi wa tano na kupanda mwezi wa kwanza? Nikaanza kuuliza swali hilo hilo juu ya kile kiti, na majibu nimeyakuta yanatuhusu kabisa. Leo nitaeleza vitu vinne: mnada unavyofanya kazi, soko linaelekea wapi miaka hii, vitu vya kale vya Kongo vinapimwa namna gani, na wachoraji wetu walio hai wanapata nini. Mwisho nitasema tunaweza kufanya nini.

1. Mnada unafanya kazi namna gani

Ku soko letu la chakula, wauzaji ni wengi na kitu ni kimoja. Mahindi ya Mama huyu na ya Mama yule ni mahindi. Bei inatoka kwa wingi wa mavuno, barabara, na njaa ya watu. Mnadani ni kinyume: kitu kiko kimoja tu duniani, na wanunuzi wanashindana. Kwa hiyo bei haionyeshi gharama ya kukitengeneza. Inaonyesha watu wawili wa mwisho walikitaka kwa kiasi gani. Akikosekana mmoja kati ya wawili hao, siku ile kitu hicho hicho kinaweza kuuzwa nusu ya bei.

Nyumba kubwa za mnada ziko mbili: Sotheby's, iliyoanza London mwaka 1744, na Christie's, iliyoanza mwaka 1766. Nyuma yao ziko Bonhams, Phillips, na nyumba nyingi za Paris na Brussels. Zinafuata njia moja:

Kwanza, mwenye kitu anakileta na wataalamu wanakiandikia makadirio, kwa mfano kati ya dola 80.000 na 120.000. Pili, wanapatana bei ya chini ya siri. Kama hakuna anayefika pale, kitu hakiuzwi. Tatu, siku ya mnada, dalali anapandisha bei mpaka mkono wa mwisho, halafu anapiga nyundo. Ile ndiyo bei ya nyundo.

Lakini mnunuzi halipi bei ya nyundo peke yake. Nyumba inaongeza sehemu yake juu. Kwa Sotheby's, kuanzia Februari 2025, sehemu hiyo ilikuwa asilimia 27 mpaka dola milioni 2, halafu ilishuka kwa pesa za juu zaidi. Kwa hiyo nyundo ilipopigwa kwa dola 100.000, mnunuzi alitoa 127.000, mbali na kodi. Na muuzaji naye mara nyingi anakatwa kitu upande wake. Hapo sisi watu wa kilimo tunatambua sura ya zamani: yule wa katikati, mwenye bascule, anakula pande zote mbili. Tofauti ni kwamba huyu wa katikati anaandika bei iliyofikiwa hadharani, na bei ya mnada inabaki katika kumbukumbu.

Hiyo kumbukumbu iko na nguvu sana. Kitu kikiuzwa vizuri, kila kitu cha jamaa yake kinapanda. Kikikosa mnunuzi mbele ya watu wote, kinachafuka: wote wanajua kwamba kilikataliwa, na mwenye nacho atangoja miaka mbele ya kukileta tena. Njo maana nyumba za mnada siku hizi zinatafuta kwanza mtu anayeahidi, kabla ya siku yenyewe, kwamba atanunua kwa bei fulani. Mnada unaonekana kama mchezo wa bahati, kumbe sehemu kubwa imepangwa mbele.

2. Soko linaelekea wapi

Kila mwaka Art Basel na benki UBS zinatoa ripoti juu ya soko la sanaa la dunia, kazi ya mchumi Clare McAndrew. Ripoti iliyohusu mwaka 2024 ilisema mauzo yote yalifika dola bilioni 57,5, yameshuka asilimia 12 kwa mwaka mmoja. Lakini idadi ya mauzo ilipanda asilimia 3, kufikia karibu milioni 40,5. Soma hizo namba mbili pamoja: watu wananunua mara nyingi zaidi, vitu vya bei ndogo zaidi. Kilichoanguka ni kilele. Katika minada, kazi za kupita dola milioni 10 zilishuka karibu nusu kwa thamani.

Kwa nini? Riba za benki zilipanda, vita na uchaguzi vilitia watu wasiwasi, na mwenye kitu kikubwa akiona soko limepoa hakitoi, anangoja. Sawa na mkulima mwenye depo nzuri: asiyelazimika kuuza anafunga mlango. Halafu jamaa mmoja akifa na warithi wakileta mkusanyo wake, kilele kinawaka tena. Mwezi wa 11 mwaka 2025, New York, picha moja ya Gustav Klimt iliuzwa dola milioni 236,4. Kwa hiyo tusiseme soko limekufa. Tuseme linategemea sana nani anauza mwaka huo.

Mabadiliko ya pili: vitu vyenyewe vinabadilika. Zamani tajiri alijaza nyumba na makabati mazito ya mbao, vyombo vya fedha na vikombe vya porselini. Leo watoto wake hawavitaki. Wanakaa katika nyumba ndogo za mjini, hawataki kitu cha kung'arisha kila Jumamosi. Makabati ya kale ya Ulaya yameshuka bei sana, na mengine yanauzwa chini ya kabati mpya ya dukani. Upande mwingine, vitu ambavyo wazee waliviita mchezo vimekuwa mali. Mwaka 2022 kadi ya picha ya mchezaji wa baseball, Mickey Mantle, iliuzwa dola milioni 12,6. Mwaka 2024 mifupa ya dinosaria aliyepewa jina Apex iliuzwa dola milioni 44,6. Mwaka 2025 mfuko wa kwanza wa Hermès uliotengenezwa kwa ajili ya Jane Birkin uliuzwa Paris kwa euro milioni 8,6.

Si kila kitu kipya kinadumu. Mwezi wa tatu 2021 Christie's iliuza picha ya kompyuta ya Beeple kwa dola milioni 69,3, malipo ya kriptomoneda, karatasi hakuna, turubai hakuna. Miezi michache baadaye mtaani kila kijana alikuwa anasema NFT. Muda si mrefu soko lile likaanguka, na wengi walionunua juu wakabaki na namba ndani ya simu. Somo ni la kale: bei inayopanda juu ya sababu kwamba inapanda, itashuka juu ya sababu kwamba inashuka.

Mfano mmoja zaidi wa aina hii unatoka bara letu. Mwezi wa saba 2025, Sotheby's New York iliuza jiwe la kilo 24 na zaidi lililotoka sayari ya Mirihi, bei yote pamoja karibu dola milioni 5,3. Jiwe lile lilikutwa mwaka 2023 katika jangwa la Niger, upande wa Agadez. Serikali ya Niger ilisoma habari kama wewe na mimi, halafu ikafungua uchunguzi: lilitoka namna gani? Swali lilikuja nyuma ya nyundo. Kumbuka mpangilio huo, maana tutaukuta tena.

3. Vitu vya kale vya Kongo: juu ya nini kimoja ni milioni na kingine ni makuta

Sasa turudi kwenye sanamu zetu. Bei kubwa kabisa niliyoisoma kwa sanamu ya kale ya Afrika ni dola milioni 12, New York 2014, sanamu ya mwanamke wa Kisenufo iliyopewa fundi wa Sikasso. Vitu vya Kongo viko katika daraja la juu la soko hilo: Waluba, Wahemba, Wasongye, Wakuba, Walega, Wapende. Ukifungua katalogi ya mnada wa Paris, unasoma majina ya makabila yetu kama unasoma ramani ya shule ya msingi.

Mambo matatu yanapandisha bei.

La kwanza ni mkono wa fundi. Zamani Wazungu waliandika tu «Luba», kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja. Frans Olbrechts, msomi wa Ubelgiji, kabla ya vita ya pili ya dunia, alilinganisha sanamu na akaona kwamba baadhi zina nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, mikono mikubwa kupita kiasi: lazima ni mtu mmoja au karakana moja. Akamwita Bwana wa Buli. Baadaye likatajwa jina, Ngongo ya Chintu. Siku fundi alipopata jina, vitu vyake vikaacha kuwa «vitu vya kabila», vikawa kazi za msanii, na bei ikapanda.

La pili ni matumizi. Kitu kilichoshikwa, kilichopakwa mafuta, kilichofanya kazi katika ukoo, kinapita kile kilichochongwa kwa ajili ya mtalii. Vingi vinavyouzwa leo kama vya kale kwenye masoko ya watalii ni vipya, vimezikwa mchanga au kupakwa moshi. Si lazima kuvidharau, fundi anakula. Lakini mnada wa Paris hauvipokei.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni njia ambayo kitu kilipitia. Nani alikitoa kijijini, mwaka gani, nani alikinunua baada yake, kilionyeshwa wapi, kiko katika kitabu gani. Wenzangu wa kahawa wataelewa haraka: ni kama ufuatiliaji wa mzigo kutoka kwa mkulima mpaka kikombe. Sanamu mbili zinazofanana, moja ikiwa na picha ya maonyesho ya Brussels ya miaka ya 1930, nyingine haina kitu: ya kwanza inaweza kupita ya pili mara kumi.

Kesi inayoonyesha jambo hili ni ya barakoa ya Ngil, ya Wafang wa Gabon. Wazee wawili wa Ufaransa walisafisha nyumba mwaka 2021, wakamuuzia mfanyabiashara wa vitu vya zamani barakoa kwa euro 150. Babu wa mzee yule alikuwa mtawala wa kikoloni. Mwezi wa tatu 2022, Montpellier, barakoa ile ile ilipigwa nyundo kwa euro milioni 4,2. Wazee walikwenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya Alès iliwakatalia: ilikuwa juu yao kuulizia thamani ya mali yao mbele ya kuuza. Gabon pia iliingia katika kesi ikiomba barakoa irudi, haikupewa.

Angalia vizuri. Ni kipi kilibadilika kati ya 150 na milioni 4,2? Mbao ni ile ile. Kilichoongezeka ni ujuzi: aina ilitambuliwa, umri ulipimwa, na jina la mtawala wa kikoloni lilionyesha kwamba kitu kilitoka Afrika mapema. Yaani karatasi ya ukoloni ndiyo ilifanya kazi ya cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo uchungu wenyewe uko, ndugu zangu. Soko hili linalipa si uzuri peke yake, linalipa kitu kwa kuwa kilitoka zamani. Kitu kilichochukuliwa mwaka 1910 kiko na historia «safi» machoni pa mnunuzi. Ndugu yake aliyebaki kijijini, anayetoka leo kwa pikipiki, hana historia, kwa hiyo ndiye wa bei ya chini kabisa duniani.

Na sheria zinazidisha tofauti hiyo. Mapatano ya UNESCO ya 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali ya utamaduni yameufanya ule mwaka kuwa kama mpaka: wanunuzi wakubwa wanataka uthibitisho kwamba kitu kilikuwa nje mbele yake. Kwa pembe ni vigumu zaidi. Uingereza ilifunga karibu biashara yote ya pembe za ndovu tangu mwezi wa sita 2022, ikiacha milango michache, kwa mfano vitu vya mbele ya 1918 vyenye thamani kubwa sana ya sanaa. Sanamu ndogo za pembe za Walega, zilizokuwa zinavuka mipaka kirahisi, sasa zinahitaji karatasi juu ya karatasi.

Sisi wenyewe historia hii tunayo. Oktoba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai vitu vilivyochukuliwa. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilitoa vitu 114 kutoka Tervuren. Halafu katika fujo za kuanguka kwa utawala wake, makumbusho ya Kinshasa iliibiwa, na baadhi ya vitu vilionekana tena katika soko la nje. Wengine wanatumia habari hiyo kusema Wakongo hawawezi kutunza. Mimi naisoma tofauti: mwizi wa ndani hana faida kama hakuna mnunuzi wa nje asiyeuliza maswali. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni, serikali yake ilitukabidhi orodha ya vitu karibu 84.000, na mfalme Philippe alileta barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo, wandugu. Neno lenyewe linafaa kujadiliwa na wenzetu wa sheria.

4. Wachoraji walio hai

Upande wa rangi na turubai, mambo ni ya matumaini na hatari pamoja. Bonhams ilianza minada ya London kwa ajili ya sanaa ya Afrika ya leo mwaka 2009. Sotheby's ikafuata mwaka 2017. Kongo ina majina: Chéri Samba, Bodys Isek Kingelez ambaye miji yake ya karatasi na kartoni ilipewa maonyesho makubwa na MoMA ya New York mwaka 2018, na wachoraji wa Lubumbashi waliofundishwa na Pierre Romain-Desfossés tangu 1946, kama Pilipili Mulongoy. Maonyesho ya «Beauté Congo» ya Paris mwaka 2015 yalifanya wakusanyaji wengi wavisake vitu vyao.

Lakini tazama ile njia ya haraka. Mwezi wa pili 2020, picha ya Amoako Boafo wa Ghana ilikadiriwa London pauni 30.000 mpaka 50.000. Ikauzwa 675.000. Ghafla kila mtu alitaka mchoraji kijana wa Afrika. Walinunua katika galeri, wakasubiri miezi, wakarusha mnadani. Kufikia 2023 na 2024 wimbi lilishuka, na vijana wengi waliopandishwa haraka bei zao zikaanguka. Kwa mchoraji hiyo ni hatari zaidi kuliko kupanda polepole, kwa sababu ya ile kumbukumbu niliyosema: bei ya mnada haifutiki.

Na nani anakula? Galeri ikiuza mara ya kwanza, mchoraji anapata sehemu yake, mara nyingi nusu. Mnunuzi akiuza tena mnadani mara kumi ya bei ile, pesa ni yake. Ufaransa ndiyo ilianza mwaka 1920 kutoa haki ya kufuata kazi: kila ikiuzwa tena, msanii au warithi wanapata asilimia ndogo. Umoja wa Ulaya wote ulichukua sheria hiyo, kuanzia asilimia 4, bila kupita euro 12.500 kwa mauzo moja. Marekani haina haki hiyo katika sheria ya taifa. Na msanii wa nje ya Ulaya anaipata tu kama nchi yake nayo inawapa wa Ulaya haki hiyo. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa vizuri Kinshasa inaweza kuleta pesa ya Paris mpaka kwa mjane wa mchoraji Kenya au Katuba. Nani kati yetu anaandika travay ya mwisho wa lisansi ya sheria? Mada ndiyo hii.

Kuna pia mfano unaonifurahisha kama agronome. Lusanga, katika Kwilu, fasi Unilever ilikuwa na mashamba makubwa ya michikichi, wafanyakazi wa mashamba waliunda chama cha sanaa, CATPC, mwaka 2014. Wanachonga sanamu kwa udongo, zinarudiwa kwa kakao na mafuta ya mawese, zinauzwa nje. Pesa inanunua ardhi iliyochoshwa na zao moja, wanapanda miti na chakula pamoja. Mwaka 2024 walileta kwao kwa mkopo, kutoka makumbusho ya Virginia, sanamu ya Maximilien Balot, afisa wa kikoloni aliyeuawa katika uasi wa Wapende mwaka 1931. Ni kitu kimoja kidogo, lakini kinaonyesha kwamba faida ya sanaa inaweza kurudi ku udongo.

5. Tufanye nini

Mwaka uliopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Tanganyika kwa uchunguzi wa ugonjwa wa mihogo. Jioni, baba mdogo, ndugu ya baba yangu, akaniita pembeni.

— Mwanangu, weye ulisoma. Kuko mutu mumoja wa pikipiki anapita huku. Anataka kile kiti cha nkambo. Anasema dola makumi nane. Niache kiende?

— Baba mdogo, nani anakikalia leo?

— Hakuna. Siku ya kutawaza mukubwa wa ukoo tu njo tunakitoa.

Dola 80 kwa nyumba yenye watoto watatu wa shule si mchezo, na sikutaka kumpa hotuba ya utamaduni huku nikirudi mjini kula vizuri. Nikamweleza kile nilichowaeleza ninyi: kwamba ile pesa ni bei ya kitu kisicho na karatasi, kwamba mtu wa pikipiki hatakuwa wa mwisho kuuza, na kwamba sheria ya nchi yetu ya 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni haimruhusu mtu kusafirisha tu. Halafu tukafanya kazi ya saa moja. Tulipiga picha kiti pande zote nne na chini yake, pamoja na rula. Tuliandika urefu, aina ya mti, alama na nyufa. Tuliandika jina la aliyekichonga kadiri wazee wanavyokumbuka, majina ya waliokikalia, na siku kinapotolewa. Wazee watatu walitia sahihi. Nakala moja ikabaki kwake, moja kwa chifu, moja kwangu.

Karatasi hiyo inafanya mambo mawili. Kitu kikiibiwa na kikitokea kesho katika katalogi ya Brussels, tuko na ushahidi. Na nyumba za mnada zinaogopa ushahidi. Wakitaka siku moja kukiweka katika makumbusho au kukikodisha kwa maonyesho, historia yake iko tayari, imeandikwa na wenyewe, si na afisa wa 1910. Kiti kingali pale. Shida ya ada ya shule ilitafutiwa njia nyingine katika ukoo, na haikuwa rahisi.

Basi ombi langu ni dogo. Wengi wetu tunarudi kijijini likizo, kila mmoja na simu yenye kamera. Kila mmoja aandike kitu kimoja cha ukoo wake kwa namna ile: picha, vipimo, majina, sahihi za wazee. Usikisafishe, usikipake vernisi, usitangaze mahali kilipo kwenye mitandao. Wa historia wasaidie kuhoji wazee, wa sheria waandike juu ya haki ya kufuata kazi, wa uchumi wafuate bei za vitu vyetu katika minada ya Paris na Brussels, maana zinatolewa hadharani baada ya kila mauzo. Sisi wa kilimo tutawapa fishi ya uchunguzi; tumezoea kuhesabu miche, hatutashindwa kuhesabu viti.